Mkono Usiopokelewa

Mashine haijafa, hilo lieleweke kwanza.
Taa yake ya buluu inawaka, feni linakohoa,
trei inatoka taratibu kama ulimi kwa daktari
na kuimeza sahani bila ubishi.
Inayokataa ni televisheni mpya.

Biju, fundi wa Ruwi, alinieleza
kwa Kiarabu chake cha Kerala, bisibisi kinywani:
lazima zipeane mkono kwanza.
Moja inauliza, wewe nani?
Nyingine inajibu kwa namba ya siri.
Zisipoafikiana… akapangusa meza kwa kiganja.
Na kunakili je?
Hainakiliki, dada. Waliogopa wezi.
Sasa kiwanda kimeacha, wenye nyumba wamehama,
kufuli wameliacha mlangoni.

Ami Muhenna aliinunua Deira, mwaka wa Gonu,
maji yalipokwisha kutoka sebuleni kwetu Qurum
yakaacha mstari wa tope ukutani, usawa wa kitovu.
Alirudi usiku na boksi, na filamu kumi na moja
katika makasha mekundu.
Haikutimia miezi minne
dunia ikachagua sahani ya kasha la buluu.
Ami alicheka mpaka akavua kofia:
"Nimenunua jogoo siku waliyoharamisha kuwika!"

Lakini aliwika.
Kila Jumatano usiku, wikendi ilipokuwa bado Alhamisi,
Bi Zuwena aliketi jirani na spika ya kushoto,
Kiingereza hajui hata cha kuombea maji,
na ami akamsemea watu wote wa kwenye kioo.
Mpelelezi wa Chicago akawa kijana wa Mkunazini,
jambazi akaongea kama karani wa forodha,
puani, akitaka chochote.
"Mwambie asifungue huo mlango!"
"Nimemwambia, mama. Hasikii."

Mara moja mke wa mpelelezi alilala hospitali
na ami akanyamaza.
"Wanasemaje?"
"Hapa hawasemi kitu, mama."
Na midomo yao ilikuwa ikienda, ikienda.

Filamu ile hatukuwahi kuimaliza.
Bangili ya bibi iliikwaruza sahani siku ya kwanza,
na kila ifikapo dakika ya sabini na moja
mpelelezi huganda na mguu mmoja hewani, ngazini.
"Ngojeni nimimine kahawa," ami husema,
huingia jikoni, hukawia,
hurudi na birika na mwisho mpya.
Mara yule jambazi ni nduguye wa kunyonya.
Mara ngazi inashuka mpaka Forodhani,
na mke yupo chini, mzima, ananunua pweza.

Bibi tulimzika kwanza. Ami, Februari hii.

Mwanangu Mutasim anasema, ummi, filamu hiyo ninayo,
dakika mbili tu, simu hii hapa, safi, nzima, na mwisho wake.
Ni kweli. Ninayekataa ni mimi.

Nimerudi kwa Biju. Stoo kwake nimepata
televisheni nene, mgongo kama ngamia,
ya nyaya tatu: nyekundu, nyeupe, manjano.
Hii haimuulizi mtu jina.
Picha inapita, imefifia kidogo, kama kanga ya kufulia,
nami naanza kwa sauti isiyo yangu:
"Basi huyu kijana wa Mkunazini…"
Mutasim ananitazama mimi, hatazami kioo.
Kiswahili chake ni njoo, na basi, na pilipili.
Namtilia Kiarabu hapa na pale, kama chumvi.
Pale hospitali
nanyamaza.

Dakika ya sabini na moja.
Mguu hewani.
Sahani inazunguka ndani, nasikia inatafuta.
"Basi?" anauliza mwanangu.

Ngoja, nasema. Ngoja nimimine kahawa.